Visanduku Sita Vitupu

Miaka thelathini na minane nilikagua mizani
katika masoko ya kisiwa cha Saaremaa,
nikipita na sanduku la mawe ya shaba
na kitambaa cha kuyafutia jasho la vidole.
Nimeona nta iliyobandikwa chini ya sinia,
nimeona sumaku ndani ya mkono wa koti,
nimemwona mjane akipunja siagi
huku akiniuliza hali ya mama.
Kwa hiyo msiniambie niamini upesi.
Kazi yangu ilikuwa kutoamini,
na nililipwa kila mwisho wa mwezi.

Mama, Armilde, alikamua ng'ombe wa shamba la serikali.
Siku zile Kitabu kilikuwa kimoja kwa vijiji vitano,
kikitembea usiku kama mkunga,
kimeviringwa shuka, chini ya viazi.
Kwetu kililala siku tatu.
Mama akanakili kwenye daftari langu la hesabu,
kila herufi kisanduku chake,
kama mtu anayepanda vitunguu.
Mikono inanuka maziwa, dirisha limezibwa kwa blanketi,
nje theluji, na mbwa wa jirani anayebwekea kila kitu.

Usiku wa tatu akakuta tundu.
Cheche ya mshumaa wa mtu fulani, zamani,
ilikula neno moja katikati ya zaburi.
Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, najua yote.
Nikamwambia: Jaza tu, Mama. Sentensi yenyewe inadai.
Akasema: Sentensi inadai, ila mimi sikuliona.
Akapima tundu kwa sindano,
akaacha visanduku sita vitupu,
akaendelea.

Nilivijaza mimi, kichwani, miaka nenda miaka rudi.
Nilipofukuzwa chuo kwa sababu ya sala za mama,
nilitia humo tusi.
Salme wangu alipolazwa Kuressaare,
na dripu ikihesabu kile ambacho daktari hakutaka kuhesabu,
nilitia humo *mbali*.
Kwa lugha yetu lina herufi sita. Lilienea barabara.

Kisha mambo yakageuka. Meli ikaja kutoka Ufini
na maboksi ya vitabu vyenye harufu ya gundi.
Mama alikwisha lala miaka mitano chini ya mireteni.
Nilipokea changu, hata sikushukuru,
nikaenda moja kwa moja mahali pale,
kama ninavyoanza siku zote chini ya sinia.

*Nami.*

Ndilo tu. Nalo lina herufi sita.
Niliketi kwenye ngazi za kanisa,
Valve muuza samaki akadhani nimeanguka.

Msinielewe vibaya: Salme hakurudi.
Neno halikuwa dawa, wala halikujitetea.
Ila nililinganisha daftari na chapa,
ukurasa kwa ukurasa, majuma mawili,
nikitafuta kidole cha mama kwenye mizani.
Amekosea tahajia mara kumi na tisa.
Kuongeza, hakuongeza.

Na hapo mkaguzi nikakaguliwa.
Mwanamke aliyeninyima neno moja la kunituliza
kwa kuwa hakuliona kwa macho yake,
nitamshukuje kwa yale aliyoyaandika?
Naye aliyapokea kwa mkono mwingine wenye baridi,
na ule kwa mwingine, nyuma, nyuma kabisa,
hadi kwa watu waliokula samaki wa kuchoma
pamoja na yule waliyejua amezikwa.
Ofisini kulikuwa na jiwe moja ndani ya kioo
ambalo hatukulipima kwa lolote.
Kwalo tulipimia mengine.
Nililijua kazini. Nyumbani sikulijua.

Mjukuu wangu Joosep ananiuliza mbona sijajaza,
kalamu si hiyo hapo?
Simjibu. Namwachia daftari.
Anaweka kidole, anahesabu hadi sita,
anarudia tena, midomo ikicheza,
kisha analitamka mwenyewe,
kwa sauti, kama aliyeitwa.